Kasuku wangu kavutwa mkia na samaki wa tangini, Moshi. Alitaka kumla au wanafahamiana?

#1 MtotoWaRau
Habari wanajamvi, niende moja kwa moja.

Nina kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, jina lake Meku. Nimemrithi kwa marehemu baba mkubwa pamoja na tundu lake na matusi yake yote. Sebuleni nina tangi la samaki la lita 500, ndani kuna oska wawili, Mangi na Manka, kila mmoja karibu upana wa sahani ya pilau. Kifuniko cha kioo kilipasuka tangu Pasaka na sijaweka kingine (najua, msinianze).

Kila jioni nikimtoa Meku anapanda ukingoni mwa tangi. Anatembea huku na huku kama askari wa zamu, anainama, anawaambia samaki "karibu chai" kwa sauti ya bibi. Siku nyingine anadondosha mbegu ya alizeti majini na kuinamisha kichwa kuangalia inavyoelea. Mangi akija kuidaka na kuitema, Meku anatikisa kichwa juu chini.

Jumamosi saa kumi na mbili jioni alikuwa kageuka, mkia unaning'inia upande wa maji. Nikasikia chubwi! Kugeuka, Meku yumo ndani, mabawa yametanda juu ya maji kama mwavuli uliopinduliwa na upepo, anapiga kelele kwa sauti ya baba mkubwa: "Mwizi! Mwizi!" Nimemtoa. Unyoya mmoja mwekundu umebaki mdomoni mwa Mangi, akazunguka nao tangi zima, akautema.

Sasa cha ajabu, jana jioni Meku karudi palepale ukingoni. Na juu ya maji siku ile kulibaki utando mweupe kama unga wa sembe. Bibi anasema hapo kuna mkono wa mtu.

Naomba kujuzwa: Mangi alitaka kumla, alikuwa anacheza, au kuna ugomvi nisioujua? Nawasilisha.

#2 Chalii wa Ngarenaro
Uzi bila picha ni batili. Ila hiyo "Mwizi! Mwizi!" imeniua.

#3 MamaSoweto
Pole kwa Meku. Mpake dawa ya kuchua kifuani, mweke karibu na jiko la mkaa apate joto. Kuku wangu nawafanyia hivyo mvua ikiwanyeshea.

#4 DaktariKwato
Mama #3, kwa heshima zote, USIFANYE hayo mawili kwa kasuku. Mafuta yakishika manyoya hayahifadhi tena joto, na ndege akijisafisha anayameza. Moshi wa mkaa ndio mbaya zaidi. Mapafu ya ndege hayafanani na yetu, ana na vifuko vya hewa, kila pumzi inatumika vizuri, kwa hiyo hewa ya sumu inamwahi kabla yako. Hata kikaango kile kisichoshika chakula kikiungua jikoni kinaweza kuua ndege aliyeko sebuleni.

Ndege akiloa chapachapa: taulo, bonyeza usisugue. Boksi lenye matundu, taa ya joto upande mmoja ili akitaka asogee upande wa baridi. Kelele ziishe. Halafu msikilize anavyohema. Akitoa mlio kama saa ya ukutani, au mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, maji yameingia kwenye njia ya hewa, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Mkono wa mtu haupo. Kasuku wa kijivu ana manyoya madogo ya ndani yanayosagika kuwa poda, ndiyo hiyo sembe ya bibi. Ukipangusa juu ya tundu lake utaikuta kila siku.

Nijibu kitu kimoja: ule unyoya ulitoka mzima na mzizi wake, au ulikatika?

#5 KijanaWaKilombero
Tangi la samaki, kasuku, na huko ni Moshi? Wachaga siku hizi mnafuga kitu kisichouzwa?

#6 FundiVioo
Mleta mada, hilo tangi ni la vipimo gani? Nauliza kwa sababu kila mteja wangu ana tangi la "lita 500".

#7 MtotoWaRau
#4 Dokta, ulitoka mzima, mwisho wake mweupe una kitobo. Anahema vizuri, anakula karanga, jana kamtukana muuza mkaa. Utando wa maji nimemsomea bibi jibu lako, kasema na wachawi nao wamesoma.

#6 Urefu sentimita 120, upana 50, kina 50.

#5 Nauza. Sijapata mteja.

#8 FundiVioo
120 mara 50 mara 50 ni lita 300 ukijaza hadi pomoni. Ukiacha sentimita 8 juu, una 252. Hapo hujatoa mchanga na mawe. Nusu ya ulichosema imeyeyuka, mkuu, na oska wawili wakubwa wamebanana humo. Samaki aliyebanwa ana hasira, usitafute sababu mbali.

Na kwa kimo hicho cha maji, kutoka juu ya maji hadi ukingoni ni kiganja tu. Mkia wa kasuku ukining'inia umeshafika mezani.

#9 Mzee wa Hoja
Tuacheni utani. Samaki hali ndege, ndege ndio wanaokula samaki, hivi ndivyo Mungu alivyopanga. Zile video za samaki kuruka na kumeza ndege ni za kompyuta. Huyo Mangi alishtuka tu.

#10 Msomaji wa Usiku
#9 Mzee wangu, hapana. Afrika Kusini, kwenye bwawa la Schroda, watafiti waliwarekodi samaki aina ya tigerfish wakiruka na kuwadaka mbayuwayu wakiwa angani, habari ikatoka kwenye jarida la kisayansi mwaka 2014. Na Ufaransa, mji wa Albi, mto Tarn, kambare wakubwa wa Ulaya wanajisogeza hadi kwenye changarawe na kuwakamata njiwa waliokuja kunywa maji. Utafiti wa 2012 ulihesabu majaribio yao, karibu 28 katika kila 100 yanafanikiwa. Visiwa vya Shelisheli, kolekole wakubwa wanawadaka ndege wa baharini wanaojifunza kuruka. Hiyo imepigwa picha na BBC, si kompyuta.

Ila oska si tigerfish. Oska anatoka mito ya Amazon, ni wa jamii moja na sato na perege wetu. Kwao anakula wadudu, kamba wadogo, visamaki, na matunda yakidondoka. Kasuku mzima hampiti kooni.

#11 Kitunguu Swaumu
Jamii moja na sato? Kwa hiyo analika? Naulizia rafiki.

#12 BataWaUsaRiver
Nikubaliane na #10 kwa machungu. Nina bwawa la kambare huku Usa River. Mwaka juzi bata wangu alishuka majini na vifaranga tisa. Nimekaa kwenye ndoo namenya viazi, nawahesabu kwa raha zangu. Tisa. Nane. Nikadhani nimekosea hesabu. Hakuna kelele, hakuna damu, maji yanafanya kiduara kidogo tu kama mtu kadondosha kijiwe, na kifaranga hayupo. Mama yao anaendelea kuogelea kama hajui hesabu. Nilipowatoa walikuwa sita.

Kambare ana ndevu, anapapasa na kumeza kilichopo. Samaki hajui kwamba huyu ni ndege, anajua kinaingia mdomoni au hakiingii.

#13 Chalii wa Ngarenaro
#12 "kama hajui hesabu", dah. Pole mkuu.

#14 DadaWaMajengo
Nimewahi kufuga oska nikiwa Dar. Swali langu kwa mleta mada: unawalisha chakula gani, cha rangi gani?

#15 MtotoWaRau
#14 Punje nyekundu za kwenye kopo, na vipande vya ini la ng'ombe Jumapili. Kumbikumbi wakitoka mvua za Machi nawatupia pia, wanaruka hadi maji yanamwagika kwenye zulia.

#16 DadaWaMajengo
Umejijibu! Punje nyekundu, ini jekundu, mkia mwekundu. Samaki wa jamii hii wanaona rangi vizuri sana. Na umeshawafundisha na kumbikumbi kwamba kitu chenye mabawa juu ya maji ni chakula cha kurukia. Mangi hakumwona Meku. Aliona ini linaning'inia.

#17 Msomaji wa Usiku
Ya #16 ina nguvu, lakini mkia wa Meku ulikuwa mwekundu miezi yote hiyo. Kwa nini Jumamosi?

#18 KijanaWaKilombero
Njaa. Mleta mada, Alhamisi na Ijumaa walikula?

#19 MtotoWaRau
#18 Hapo umenipata kidogo. Nilikuwa Himo kwenye msiba siku mbili. Dada wa nyumbani anasema aliwalisha. Kopo linasema vingine. Nimeamua kuheshimu amani ya nyumba.

#20 FundiVioo
Naomba nirudi kwenye jambo moja. Kabla ya kuwalisha huwa unafanya nini? Unafungua kopo, unawasha taa, unafanyaje?

#21 MtotoWaRau
Nagonga kioo kwa kucha mara tatu. Ko, ko, ko. Wanapanda juu wote wawili na kufungua midomo. Nilisoma mahali kwamba wanajifunza.

#22 FundiVioo
Na kasuku anakuona kila siku?

#23 MtotoWaRau
...Anagonga na mdomo. Ukingoni palepale. Mara tatu. Nilidhani ananoa mdomo.

#24 FundiVioo
Nifungieni uzi. Meku kajifunza kengele ya chakula. Anagonga, samaki wanapanda, anadondosha alizeti, anafurahi kuona vitu vizito vinamtii. Jumamosi kagonga, kisha kawageuzia mgongo. Watu wameitwa mezani, wamekuta mkia.

#25 MamaSoweto
Yaani kasuku ndiye alikuwa mwenye hoteli. Hahaha. Samaki anasikiaje huko kugonga lakini, ana masikio?

#26 DaktariKwato
#25 Anayo, ya ndani, huyaoni kwa nje. Na ubavuni ana mstari kuanzia kwenye shavu hadi mkiani unaohisi maji yakitikisika. Kucha kwenye kioo kwake ni kama mlango wa bati kugongwa.

Mleta mada, unyoya uliotoka na mzizi ni afadhali, mwingine unaanza kuota mara moja. Ungekatika katikati ungesubiri hadi apukutishe. Utakapochomoza utakuwa na damu ndani, mtu asiuguse.

#27 MtotoWaRau
Fundi, nilitaka kukupa ushindi, lakini mpwa wangu wa darasa la tano alikuwa mezani anafanya hesabu siku ile, umbali wa hatua mbili. Nimemhoji mara mbili, kwa pipi na bila pipi. Anasema Meku hakugonga. Alikuwa kimya, anajikuna.

#28 FundiVioo
Mtoto anayefanya hesabu hasikii hata radi.

#29 Mwalimu wa Njiro
Wakuu, mnasahau fizikia. Samaki akiangalia juu haoni kama sisi tunavyoangalia chini. Mwanga ukiingia majini unapinda, kwa hiyo dunia yote ya nje kwake imekusanywa kwenye duara moja juu ya kichwa, pembe ya kama nyuzi 97. Nje ya hilo duara anaona kama kioo cha kujitazamia tu, sakafu ya tangi inajirudia. Kitu kilicho chini karibu na ukingo wa maji kinaonekana kimebanwa pembezoni mwa duara, kifupi, kimepondeka. Kwa hiyo Mangi miezi yote alikuwa anaona kitu cha kijivu kisichoeleweka. Siku mkia uliposhuka karibu na maji ndipo ukaingia sawasawa machoni. Jaribuni: zamisha uso kwenye beseni, angalia juu, mwenzako ashike kijiko pembeni.

#30 Chalii wa Ngarenaro
Nimejaribu ya #29. Maji yameingia puani na kijiko sikukiona. Shemeji amenikuta uso ukiwa kwenye beseni, nimemwambia ni uzi wa kasuku, kaondoka bila neno.

#31 Mwanamalundi wa Sakina
Mie nasema maji. Huku Arusha maji yana floraidi, samaki wangu wote walikuwa wakali.

#32 MamaSoweto
#31 Hayo ni ya kwenu mlimani Meru, ndiyo yanawapaka meno rangi ya chai. Moshi tunakunywa chemchemi za Kilimanjaro, mwanangu. Samaki wa Rau hana kisingizio hicho.

#33 Mwanamalundi wa Sakina
Na bado mnakuja Arusha kutafuta kazi.

#34 Mwalimu wa Njiro
#31 na #32, msiharibu uzi. Floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima vingi vya upande wa Meru ni kweli, inatokana na miamba ya volkano, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Inaharibu meno na mifupa. Kwamba inampa samaki ukali, hiyo ya kwako.

#35 DadaWaMajengo
Jamani nimekumbuka kitu. Mleta mada, humo ndani kuna jiwe bapa? Na limesafishwa?

#36 MtotoWaRau
Lipo. Wiki hii limekuwa jeupe kabisa, ukoga wote umetoka. Nilidhani Manka kaanza usafi.

#37 DadaWaMajengo
Ndiyo kaanza! Oska wakitaka kutaga wanang'arisha jiwe kwa midomo, kisha wanataga mayai mamia kwa mamia, na wote wawili wanalinda. Kipindi hicho wangu walikuwa wananing'ata mkono nikisafisha tangi, wakati wiki iliyopita nilikuwa nawakuna mgongo. Mangi alikuwa analinda kwake. Nabadilisha msimamo wangu wa ini.

#38 Msomaji wa Usiku
Lakini anayelinda anafukuza, hashiki kitu na kuzunguka nacho tangi zima. Mleta mada alisema alizunguka na unyoya. Hiyo ni tabia ya anayeonja.

#39 Mzee wa Hoja
Au ya anayeshangilia goli.

#40 Bibi Harusi wa Marangu
Nimesoma wote, hakuna aliyemuuliza Meku. Kasuku wa kijivu wanaishi miaka 40, wengine wanapita 50, na huyu kampoteza mtu wake. Anaenda pale kila jioni kwa sababu ndipo penye macho yanayomwangalia. Wale samaki wanamtazama, eti. Baba yangu alipofariki paka wake alikuwa anakaa mbele ya friji mchana kutwa, inanguruma. Karudi ukingoni siku iliyofuata, ninyi mnashangaa nini?

#41 Kitunguu Swaumu
#40 umenitoa kwenye mood ya kula samaki.

#42 Afande Mstaafu
Kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu 2017, na hapa kwetu kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Kibali kipo?

#43 MtotoWaRau
#42 Shikamoo. Mzee aliacha bahasha, kibali kimo, jina linahitaji kubadilishwa. Nimeanza kulifuatilia, nimeshaambiwa "njoo kesho" mara tatu. Ko, ko, ko.

#44 Afande Mstaafu
Marahaba. Fuatilia usichoke.

#45 DaktariKwato
Bila kujali nani yuko sahihi: funika tangi. Kinyesi cha ndege kinachafua maji, mbegu za alizeti zinaoza chini, na siku oska akimeza unyoya badala ya kuutema utaniletea samaki kliniki. Fremu ya mbao na waya wa matundu madogo inatosha, hewa inapita. Meku mtafutie kigogo chake karibu na tangi, aone bila kufika.

#46 MtotoWaRau
Mrejesho, wakuu. Fremu imetengenezwa jana, waya wa matundu madogo, nimeibana na mawe mawili. Meku nimemhamishia barazani kwa siku chache hadi apoe, usiku nafunika tundu lake kwa kanga.

Leo saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeamshwa na ko, ko, ko. Nikajua Meku katoka. Nimekwenda barazani na tochi, yumo tunduni, kichwa kwenye bawa, kalala. Nikarudi sebuleni. Mangi yuko juu, pua imegusa waya. Kaigonga fremu kwa kichwa mara tatu, akasubiri, akanitazama.

Na jiwe bapa bado jeupe, hakuna yai hata moja.

#47 Chalii wa Ngarenaro
Mkaribishe chai.

#48 FundiVioo
Mawe mawili hayatoshi, oska wa ukubwa huo anainua. Weka manne. Na nani alikuuzia waya, maana huku kwetu umepanda bei?